Baba Yake Jess Alitoka Nairobi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha zisizo na idadi, na walimu wakatuwekea alama ya vema. Leo naomba tuitoe ndani ya daftari tuione ikitembea kwa miguu yake yenyewe. Nataka kuzungumzia ile sinema ya kuchekesha iliyoonyeshwa bwaloni muhula uliopita, iitwayo Bend It Like Beckham. Maoni yangu ni kwamba wengi waliicheka vizuri sana, ila hawakuisikiliza vizuri. Na kilichowapita masikio kinatuhusu sisi Wakenya, tena kinakihusu chama chetu hiki cha Kiswahili.

Kwa wale ambao hawakuwepo, ama waliokuwa wakisinzia kwa uzito wa githeri, nitaieleza kwa ufupi. Sinema ilitoka mwaka wa 2002. Mwelekezi wake ni mama aitwaye Gurinder Chadha. Kuna msichana kwa jina Jesminder Bhamra, ambaye kila mtu humwita Jess, anayeishi Hounslow, magharibi mwa London, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow. Wazazi wake ni Makalasinga. Chumbani mwake Jess amebandika picha za David Beckham, ambaye wakati huo alikuwa nyota wa Manchester United, na hata huzungumza nazo. Sebuleni mama yake ametundika picha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, naye pia huzungumza nayo akiomba baraka. Mnaona? Nyumba ni moja, picha ni mbili, na kila mmoja ana yake ya kumwambia shida zake.

Jess ana kipawa cha kandanda. Siku moja anapocheza na wavulana bustanini, msichana Mzungu aitwaye Jules anamwona na kumwalika ajiunge na timu ya wasichana iitwayo Hounslow Harriers. Wazazi wanakataa katakata. Mama anataka binti ajifunze kupika chakula kamili cha Kipunjabi, chapati ziwe duara kama mwezi, na asome awe wakili. Jess anaanza kudanganya. Anasema amepata kazi ya likizo dukani, kumbe yuko uwanjani. Anasafiri hadi Ujerumani kwa mechi bila wazazi kujua. Mambo yanagongana siku ya mwisho: fainali ya timu yake inaangukia siku ileile ya harusi ya dada yake Pinky. Yaliyofuata mwayajua. Hapo ndipo bwalo lilipotaka kubomoka kwa vifijo.

Sasa, baada ya taa kuwashwa, nilisikia hukumu mbili zikitolewa njiani kuelekea mabwenini. Ya kwanza: "Hao Wahindi wana mila ngumu, jamani!" Ya pili, ambayo ilisemwa kwa furaha zaidi: "Kumbe ukimdanganya mzazi halafu ushinde, mambo yanakuwa sawa tu." Kwa heshima zote, naomba kuzipinga hukumu zote mbili. Nitaanza na ile ya mila.

Kama tatizo lingekuwa mila za Kihindi, basi Pinky angekuwa mfungwa. Lakini Pinky ndiye mwenye furaha kuliko wote nyumbani mle. Anaolewa na kijana aliyempenda mwenyewe, anataka sari, anataka dhahabu, anataka mchezo wote wa harusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye mila ni nguo inayomkaa vizuri mwilini. Halafu mtazameni mama yake Jules. Huyu ni Mwingereza wa kuzaliwa, hana sari wala Guru Nanak, lakini naye anaumwa na roho binti yake anapocheza kandanda. Anamkimbiza madukani amnunulie sidiria za kumpamba, anaogopa msichana mwenye misuli atakosa mchumba. Mama wawili, mataifa mawili, hofu ni moja. Mbona hakuna aliyesema "Hao Wazungu wana mila ngumu"?

Na wangekuwa na sababu ya kusema hivyo. Tarehe 26 Desemba 1920 timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies ilicheza jijini Liverpool katika uwanja wa Goodison Park mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya vilabu vyake, eti mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Hakuna Mhindi aliyeipitisha. Kwa hiyo Jess alipokuwa akipiga mpira mwaka wa 2002, hata Uingereza yenyewe ilikuwa bado inajikung'uta vumbi la mila zake. Leo wasichana wa Uingereza wametwaa Kombe la Ulaya mara mbili, mwaka wa 2022 na 2025, na nchi nzima huwashangilia. Mila hubadilika. Yule anayetuambia kwamba mila ni jiwe anatudanganya, na yule anayesema ni za watu wa rangi fulani peke yao anajidanganya mwenyewe.

Basi kama si mila, ni nini kilichomfungia Jess mlango? Hapa ndipo ninapowaomba masikio.

Kocha wa timu, kijana aitwaye Joe, anafunga safari hadi nyumbani kwa kina Jess kuwasihi wazazi. Baba yake, Bwana Bhamra, mzee mpole mwenye kilemba anayefanya kazi uwanja wa ndege, ndipo anapofungua kinywa. Anasimulia kwamba alipokuwa kijana Nairobi, alikuwa bingwa wa kurusha mpira wa kasi katika kriketi, na timu yao ikatwaa kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza akaenda kwenye vilabu vyao kuomba kucheza. Wakamcheka kilemba chake. Wakamfukuza. Tangu siku hiyo hakugusa tena mpira.

Mnakumbuka lililotokea bwaloni alipotaja Nairobi? Watu waliruka. "Nairobi! Nairobi! Huyo ni wa kwetu!" Meza zikapigwa kama ngoma. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Aah, si ni Muhindi tu!" na bwalo zima likaangua kicheko kingine. Kelele zilipotulia, mzee wa watu alikuwa amekwisha kusema yaliyompata. Maneno mazito kuliko yote katika sinema ile yalizikwa chini ya vicheko viwili: cha kumkaribisha na cha kumfukuza, na baina yao hapakupita hata nusu dakika.

Nami najiuliza: hivi si ndivyo hasa alivyofanyiwa maishani?

Hebu tuitazame historia kidogo. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Yapata 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wengine wakaja kuwafuata wakiwa mafundi, makarani na wenye maduka. Kufikia mwaka wa 1962 watu wa asili ya Kiasia nchini walipita 170,000. Watoto wao walizaliwa hapa. Walisoma hapa. Walicheza hapa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya mpira wa magongo katika Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Kwa hivyo Kalasinga kijana aliyekuwa hodari wa kriketi mjini Nairobi si jambo la kubuni la kuchekesha watu. Ni jirani yetu halisi.

Kwa nini basi jirani huyu akaondoka? Sinema haituelezi sababu za Bwana Bhamra, na kila familia ilikuwa na yake. Mwelekezi Gurinder Chadha mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka wa 1960, na wazazi wake walihamia Southall, London, akiwa bado mtoto mdogo. Lakini twajua yaliyowasukuma wengi waliofuata. Baada ya Uhuru wa 1963, watu wa asili ya Kiasia walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka wa 1967 zikapitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia akahitaji kibali cha kufanya kazi, na biashara yake ikawekewa mipaka. Maelfu wakafunga virago. Uingereza nayo ilipoona wanakuja, tena wakiwa na pasipoti ilizowapa yenyewe, ilikimbia bungeni na kupitisha sheria kwa siku chache tu, Machi 1968, ya kuwazuia wale wasiokuwa na mzazi au babu wa huko. Wengine walijikuta angani, hawana pa kutua.

Wengi wetu huyachanganya haya na yale ya Idi Amin, aliyewafukuza Waasia wa Uganda mwaka wa 1972 kwa kuwapa siku 90. Ya kwetu yalikuwa tofauti. Hakuna aliyesimama jukwaani akawapa siku. Na sisemi kwamba Mwafrika hakuwa na haki ya kudai nafasi katika nchi yake. Chini ya ukoloni mlango wa duka, wa ofisi na wa shule nzuri ulikuwa umefungwa usoni pake kwa miaka mingi, na Waasia wengine walikaa ndani ya mlango huo wakijistarehesha bila kutoa sauti. Hilo nalo ni kweli na lisifichwe. Lakini mtu kuwa na haki ya kufungua mlango wake si sawa na kuufunga wa mwenzake, na mtoto wa kidato cha tatu aliyekuwa akirusha kriketi hakuwa ndiye aliyetunga sheria za mkoloni.

Sasa rudini kwa Jess. Wakenya huko nyuma walimwambia baba yake kwamba yeye ni Mhindi. Waingereza wakamwambia kwamba yeye ni mtu wa kilemba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee huyu anapomwona binti yake akivaa jezi kwenda kugonga mlango wa uwanja wa Waingereza, haoni mila ikivunjwa. Anaiona ile siku yake mwenyewe ikirudi. Anajua jinsi mlango ule unavyosikika ukifungwa. Kwa hiyo anaamua kuufunga yeye mwenyewe kwanza, nyumbani, kwa upole, kabla wengine hawajaufunga kwa matusi. Na hakuwa akiota. Siku moja anakwenda kwa siri kutazama mechi, na mbele ya macho yake mchezaji wa timu pinzani anamtukana Jess kwa rangi yake. Jess anapandwa na hasira, anamsukuma, anaonyeshwa kadi nyekundu yeye. Mzee alikuwa amesema kweli tupu.

Hili ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: mlango aliofungiwa baba ndio aliofungiwa mtoto. Wale waliomcheka katika klabu cha kriketi walidhani wanafanya utani wa jioni moja. Kumbe kicheko kile kilikaa ndani ya nyumba ya watu miaka nenda miaka rudi, kikakua, kikawa amri, na mwisho kikamfanya msichana mwema awe mwongo. Kicheko kina wajukuu, jamani.

Na hukumu ile ya pili, kwamba uongo wa Jess ndio uliomfikisha? La hasha. Itazameni vizuri. Kila uongo wake ulimrudisha nyuma. Alipokwenda Ujerumani kwa siri, penalti ilimponyoka na wazazi wakagundua. Wakwe watarajiwa wa Pinky walipomwona kituoni cha basi akikumbatiana na Jules mwenye nywele fupi, walidhani ni mvulana, na posa ya dada yake ikavunjika kwa muda. Kilichomfungua si uongo hata kidogo. Siku ya harusi, baba alimwona amekaa katikati ya ngoma na uso umemwanguka, akamwambia aende akacheze kisha arudi. Na usiku ule, ilipobainika kwamba chuo kikuu cha Santa Clara huko California kinampa nafasi ya kusoma na kucheza, ni baba aliyesimama mbele ya jamaa zake. Aliwaambia kwamba yeye alipokataliwa aliapa kutocheza tena, na aliyeumia kwa kiapo kile si wale waliomkataa. Ni yeye mwenyewe. Hakutaka binti yake aumie vivyo hivyo. Ndipo safari ikapatikana. Mtu aliyekuwa ametengwa na mchezo wake miaka yote ile, mwishoni mwa sinema tunamwona akicheza kriketi tena.

Kwa hiyo funguo ilikuwa mdomoni mwa mzee. Wenzangu, wangapi miongoni mwetu tunajua kwa nini wazazi wetu wanatukataza yale wanayotukataza? Tunasema "mzee ni mkali," "mathe haelewi maisha ya siku hizi." Pengine mzee huyo naye ana kilemba chake kilichochekwa mahali fulani. Simwambii mtu akubali kila katazo. Nasema tuulize kabla hatujadanganya. Na wazazi watakaosoma jarida hili siku ya kufunga shule, nawaomba kwa adabu: tusimulieni. Katazo lisilo na hadithi ni ukuta, na sisi vijana tukiona ukuta twatafuta pa kupindisha mpira.

Sisemi kwamba sinema hii haina kasoro. Ninazo mbili za kuitajia. Kwanza, hayo mapenzi ya kocha na wachezaji wake wawili yamepakwa sukari mno. Kocha ni mlezi, na katika maisha halisi jambo kama hilo ni la kuripotiwa, si la kushangiliwa. Pili, na hili linaniuma zaidi, baba amepewa hadithi yake lakini mama hakupewa. Bi Bhamra anabaki kupiga kelele na kukunja chapati. Katika fainali, Jess anapojiandaa kupiga mpira wa adhabu dakika za mwisho, anauona ukuta wa wapinzani ukigeuka kuwa mama yake, dada yake na jamaa za kike wamevaa sari. Picha hiyo inachekesha sana na ina akili nyingi. Lakini mama huyo naye aliacha nchi na jamaa zake. Nani alimfungia yeye mlango? Ningetamani kujua.

Hata hivyo tazameni jinsi Chadha anavyochekesha. Anawacheka shangazi zake wanaosengenyana, anacheka simu za mkononi zinazolia kila mahali, anacheka pilikapilika za harusi. Lakini anawacheka akiwa ameketi nao jamvini. Tena hamcheki Mhindi peke yake. Mama Mwingereza mwenye sidiria zake anachekwa hadi machozi. Na baada ya kumcheka Bwana Bhamra, anamgeuzia kamera, ananyamazisha muziki, anamwacha mzee aseme lake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchekesha na kudhihaki. Mchekeshaji mwema humcheka mtu, kisha humpa kiti.

Na sasa, kwa idhini ya mhariri, niingie nyumbani kwetu. Kila mwaka katika Siku ya Kiswahili chama chetu huigiza mchezo, na kila mwaka, ama kwa hakika, huwemo Mhindi mwenye duka. Hana jina, au anaitwa Patel. Kazi yake ni kuhesabu pesa na kusema, "Veve taka nini? Kuja kuiba hapa?" Watu wanavunjika mbavu. Halafu anatoka jukwaani, mchezo unaendelea, na hakuna anayejua ana watoto wangapi au alizaliwa wapi.

Tunaye mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye hupewa sehemu hiyo kila mwaka kwa sababu ya rangi yake. Babu yake alizaliwa Kisumu. Yeye mwenyewe anazungumza Dholuo kama mvuvi wa Dunga, na Kiswahili chake kinawashinda wengi wanaoandika katika jarida hili. Nilimuuliza wakati wa kuandika makala haya kama sehemu ile inamkera. Alifikiri kidogo, akaniambia: "Mazoezini nikisema Kiswahili sanifu, wananiambia niharibu. Eti nikikisema sawasawa sichekeshi."

Lisomeni jibu hilo tena. Chama cha Kiswahili kinamwomba mtu aharibu Kiswahili! Sisi tuliokula kiapo cha kukikuza na kukienzi!

Nayajua majibu yatakayokuja. "Ni utani tu, acha kujifanya." Haya, tuuongelee utani. Utani ni mali yetu sisi watu wa Afrika Mashariki, na wazee wetu waliuwekea sheria. Watani hutaniana pande zote mbili. Wewe wanitania kwenye matanga ya babu yangu, nami nitakutania kwenye ya babu yako, na hakuna anayenuna. Utani wa upande mmoja, ambapo fulani hucheka siku zote na fulani huchekwa siku zote, hauna jina la utani katika Kiswahili. Jina lake ni dhihaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wengine watasema, "Lakini Wahindi wengine wanatudharau madukani mwao." Ni kweli, wapo, nami sitawatetea. Andikeni mchezo juu ya dharau hiyo! Mwandikeni tajiri mwenye dharau, mpeni jina, mpeni sababu, mpeni mke anayempinga na mtoto anayemwonea haya. Huo utakuwa mchezo wa kuigiza, na hata yeye akiutazama atajiona. Lakini "veve taka nini" haimkosoi tajiri mwenye dharau. Inamchoma mtoto wa watu aliyekaa nasi darasani.

Na kama hoja ni kwamba Kiswahili chake ndicho cha kuchekesha, basi tukumbuke deni letu. Gari tunalopanda, laki tunazoota kuzipata, bima, dobi, bepari: maneno haya yote yalivuka bahari kutoka Bara Hindi. Na chapati, wenzangu! Ile chapati ya siku ya sherehe, inayowafanya wanaume wazima wa kidato cha nne kusukumana kwenye foleni, ni ileile anayokunja mama yake Jess kule Hounslow. Lugha yetu ilimfungulia Mhindi mlango kitambo, ikamkaribisha mezani. Ni sisi wasemaji wake tuliobaki nyuma. Hata Serikali imetutangulia, kwani Julai 2017 Wakenya wa asili ya Kiasia walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Tena tunajua jinsi mambo yanavyokuwa mlango ukiwa wazi. Mwaka wa 2003, mwaka mmoja tu baada ya sinema ile, timu ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Nahodha alikuwa Steve Tikolo. Bega kwa bega naye walikuwemo Thomas Odoyo, Aasif Karim na Hitesh Modi. Hakuna aliyeuliza siku hiyo nani ni wa kwetu na nani si wa kwetu. Najiuliza ni kina Bhamra wangapi, huko Hounslow na Southall, walioitazama mechi ile kwenye runinga wakiwa na vilemba vyao, wakasimama sebuleni wakapiga makofi kwa ajili ya nchi iliyowasahau.

Pendekezo langu kwa wanachama ni dogo, na halihitaji hata senti ya chama. Katika mchezo wa mwaka huu, yeyote atakayeandikwa ili achekwe, awe Mhindi mwenye duka, mlinzi kutoka kwa jamii fulani, mama wa sokoni au mgeni kutoka kaskazini, aandikiwe pia mahali pa kusema lake, hata kama ni mistari mitano. Na yule mwenzetu aruhusiwe kukisema Kiswahili chake kama anavyokijua. Asipochekesha, basi kosa ni la mwandishi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu hata mgeni si mgeni tena. Kazi kwenu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu